Mama Mongella na Kura ya Jimbo

Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2010 uliiacha CCM mkoani Mwanza ikishika tama. Nyamagana, jimbo la Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati ule, Lawrence Masha, lilichukuliwa na Ezekiel Wenje wa CHADEMA. Ilemela, kwa Anthony Diallo, ikaenda kwa Highness Kiwia. Na ng'ambo ya maji, huko Ukerewe, Salvatory Machemli, naye wa CHADEMA, alimshinda mwanamke ambaye mwaka mmoja tu kabla alikuwa Rais wa Bunge la Afrika, na ambaye mwaka 1995 aliendesha huko Beijing mkutano mkubwa kuliko yote ya wanawake iliyokuwa imewahi kufanyika duniani.

Vijiwe vya mjini viliwazungumza zaidi Masha na Diallo. Kushindwa kwa Mama Gertrude Mongella kulipita kama habari ya visiwani. Mimi nalitazama tukio lile, pamoja na uamuzi wake wa mwaka 2000 wa kwenda kuomba kura, kuwa ndiyo sehemu ya kusomwa kwa makini zaidi katika maisha yake ya siasa. Najua hoja hii itawakera wanaomfahamu kwa jina la Mama Beijing. Lakini Beijing imeandikwa mno, tena mara nyingi na watu ambao hawajawahi kuvuka kivuko cha Rugezi na Kisorya, na wanaoishia Beijing hawaoni kilichofuata.

Alizaliwa Ukerewe Septemba 1945. Wageni hupenda kukizungumzia kisiwa kile kana kwamba kilikuwa kimefungiwa nje ya dunia, na hapo huanza vibaya. Ukerewe ndiko alikoishi Aniceti Kitereza, aliyeandika riwaya nene kwa Kikerewe na kusubiri miongo kadhaa hadi ilipotoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Mwanahistoria Mohamed Said ameandika kwamba kabla ya uchaguzi wa Aprili 1953 wa TAA, chama kilichoitangulia TANU, uliompa Julius Nyerere uongozi wa chama, viongozi wa Dar es Salaam walisafiri hadi Nansio kushauriana na Hamza Mwapachu, mtumishi wa serikali aliyekuwa amehamishiwa huko. Siasa za nchi hii zilipita Nansio wakati binti Gertrude akiwa bado mtoto mdogo.

Kwa ujumla Jimbo la Ziwa lilikuwa na moto wake. Ng'ambo ya pili Wasukuma walikuwa wakijenga vyama vya ushirika vya pamba chini ya Paul Bomani, na serikali ya kikoloni iliiogopa TANU kiasi cha kuizuia kufungua matawi jimboni kuanzia 1954 hadi 1958. Mtoto aliyekulia kando ya ziwa katika miaka ile alijua, hata bila kufundishwa, kwamba chama ni kitu kinachoweza kumkosesha Mzungu usingizi.

Akiwa na umri wa miaka kumi na miwili aliondoka kisiwani kwenda kusoma, na hatimaye akafika shule ya masista wa Maryknoll iliyokuwa Morogoro, Marian College, ambayo leo ni Kilakala. Kwa msichana wa kisiwani miaka ya 1950, safari kama hiyo ilikuwa meli hadi Mwanza, kisha treni kupitia Tabora, siku kadhaa njiani. Akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na kumaliza shahada ya ualimu mwaka 1970. Alifundisha Chuo cha Ualimu Chang'ombe, akahamia Taasisi ya Elimu kutunga mitaala, na baadaye akawa mkaguzi wa shule. Kumbuka hiyo kazi ya ukaguzi. Mkaguzi huingia darasani pasipo kupiga kelele, akakaa nyuma, akaandika, kisha akamwita mwalimu pembeni. Waliomwona Mongella akiongoza vikao wanajua tabia hiyo haikumtoka.

Siasa zilimchukua mapema. Mwaka 1975 aliingia Bunge la Jumuiya ya Afrika Mashariki, na miaka miwili baadaye jumuiya yenyewe ikavunjika mikononi mwao. Mwaka huo huo wa 1977 TANU na ASP ziliungana kuwa CCM, naye akawa miongoni mwa wajumbe wa vikao vya juu vya chama kipya. Mwaka 1982 akawa Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Kutoka 1985 hadi 1987 aliongoza Wizara ya Ardhi, Maliasili na Utalii, akafuatiwa na uwaziri usio na wizara maalumu, kisha akapelekwa India kuwa Balozi mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Ukiitazama orodha hiyo utaona kitu kimoja: karibu kila ngazi alipandishwa na mkono wa mtu mwingine. Siyo aibu. Katika mfumo wa chama kimoja wanaume pia walipanda hivyo hivyo. Lakini kwa mwanamke hapakuwa na ngazi nyingine ya kuaminika. Bibi Titi Mohamed na Lucy Lameck walifika serikalini baada ya uhuru kwa nguvu ya harakati za TANU. Wanawake wa kwanza kuwa mawaziri kamili, Tabitha Siwale na Julie Manning, waliteuliwa mwaka 1975 na Mwalimu Nyerere. Kizazi cha Mongella kilirithi mlango huo wa uteuzi, na kwa muda mrefu kiliutumia vizuri.

Uteuzi mkubwa kuliko yote ulitoka New York. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Boutros Boutros-Ghali, alimpa kazi ya kuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake. Mkutano ulifanyika Beijing kuanzia tarehe 4 hadi 15 Septemba 1995, na mataifa 189 yalihudhuria. Pembeni yake, katika mji mdogo wa Huairou nje ya Beijing, wanaharakati wapatao 30,000 walikusanyika kwenye jukwaa la asasi, wakilalamikia matope, mahema na ulinzi wa Wachina. Kuwapeleka mbali namna ile ulikuwa uamuzi wa wenyeji, na katibu mkuu wa mkutano alijikuta akisukumwa na pande zote: serikali ya China haikutaka fujo, asasi hazikutaka kufichwa, na Vatikani na nchi kadhaa za Kiislamu ziliiangalia rasimu ya Mpango wa Utekelezaji kwa jicho la pembeni. Yeye mwenyewe ni Mkatoliki.

Rasimu ilifika Beijing ikiwa imejaa mabano. Katika lugha ya mikutano ya kimataifa, maneno yasiyokubaliwa huwekwa ndani ya mabano, na kazi ya wiki mbili ni kuyafungua moja moja, usiku kwa usiku. Ubishi mmojawapo uliogusa kabisa maisha ya huku kwetu ulihusu urithi wa mtoto wa kike. Wajumbe wa Afrika walitaka iandikwe wazi kwamba binti anarithi sawa na kaka yake. Wengine wakapinga kwa misingi ya dini. Wakaishia kukubaliana juu ya haki sawa ya kurithi, maneno yaliyoacha nafasi ya kila mmoja kuyasoma anavyotaka. Sura nzima ya mtoto wa kike, ya mwisho kati ya maeneo kumi na mawili ya Mpango wa Utekelezaji, ilitokana kwa kiasi kikubwa na msimamo wa Waafrika waliokuwa wameshakutana Dakar Novemba 1994 kujiandaa. Sifa ya Mongella iko hapo zaidi kuliko kwenye hotuba. Wengi wanaikumbuka kauli yake kwamba mapinduzi yameanza na hakuna kurudi nyuma, na ni kauli nzuri. Lakini hotuba nzuri Beijing zilikuwa nyingi, na hakuna iliyofungua mabano.

Nyumbani mambo yalikwenda kwa mwendo wao. Serikali ya Tanzania ilichagua maeneo manne kati ya yale kumi na mawili: uchumi na kuondoa umaskini, haki za kisheria, siasa na uamuzi, na elimu na ajira. Mwezi mmoja baada ya Beijing nchi ilipiga kura katika uchaguzi mkuu wa kwanza tangu mfumo wa vyama vingi urudishwe, na wanawake walioshinda majimboni walikuwa 8. Nane, katika majimbo 232. Mwaka uliofuata serikali ile ile iliyopeleka wajumbe Beijing ilisimamisha shughuli za Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, na mwaka 1997 ikalifuta. Mwenyekiti wake alikuwa Profesa Anna Tibaijuka, mwanamke mwingine wa kando ya ziwa hili, upande wa Muleba. Kosa la BAWATA, kwa maelezo ya serikali, lilikuwa kufanya siasa. Nilivyouelewa mkasa ule, baraza lilikuwa limeanza kuwaambia wanawake wawapime wagombea kabla ya kuwapa kura, na hilo liliwashtua watu waliozoea kuona kura za wanawake kama akiba ya chama.

Ndiyo hali aliyoikuta Mongella alipoamua, mwaka 2000, kugombea ubunge wa Ukerewe.

Alikuwa na njia rahisi. Viti maalumu vilikuwepo: 15 vya wanawake tangu 1985, kisha asilimia 15 ya Bunge mwaka 1995, na mwaka ule wa 2000 sheria ikaongeza kuwa asilimia 20. Mwanamke mwenye jina kama lake asingehangaika kupata nafasi kwenye orodha ya chama. Badala yake alikwenda kisiwani kuomba kura kwenye mikutano ya Nansio, Ilangala, Kagunguli na Ukara, akishindana kwanza ndani ya CCM na kisha dhidi ya wapinzani. Na mwaka wenyewe ulikuwa mgumu kwa mgombea asiye na mifuko minene. Ndio mwaka Bunge lilipohalalisha takrima, yaani mgombea kuruhusiwa kisheria kuwakirimu wapiga kura. Kila aliyewahi kuona kampeni vijijini anajua takrima ilikuwa nini: pilau, khanga, fulana, mafuta ya mitumbwi. Mahakama Kuu iliifuta mwaka 2006 kwa kuona inawabagua wagombea maskini. Ingekuwa haki mahakama iongeze na wanawake, maana ni wanawake wachache waliokuwa na mali yao wenyewe ya kukirimia.

Alishinda mwaka 2000, akashinda tena 2005.

Wasomaji wengi hawajui tofauti kati ya mbunge wa jimbo na mbunge wa viti maalumu, na vyama havina haraka ya kuwaeleza. Mbunge wa viti maalumu analipwa, anauliza maswali, anapiga kura bungeni. Lakini hana jimbo. Ofisi yake wilayani, kama ipo, ni ya hisani. Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2009 unaongozwa na mbunge wa jimbo, na yeye hana nafasi humo. Kubaki kwake bungeni kunategemea jumuiya ya wanawake ya chama na vikao vya juu vinavyopanga orodha, kwa hiyo akitaka kuendelea lazima awapendeze wapangaji wa orodha kabla ya wananchi. Nimewahi kumsikia mbunge mmoja wa viti maalumu akitambulishwa mkutanoni kama "mbunge wetu wa kina mama", na mwanamume aliyekaa karibu yake kama "mheshimiwa mbunge". Hakuna aliyeshtuka.

Idadi zinaonyesha mzigo umeelemea wapi. Wanawake wa majimboni walikuwa 8 mwaka 1995, 12 mwaka 2000, na 17 mwaka 2005. Katika kipindi hicho hicho viti maalumu vilipanda kutoka 37 hadi 48, kisha 75. Kufikia 2010 vilikuwa 102, na 2015 vikawa 113, huku wanawake wa majimboni wakiwa kama 25 tu kati ya wabunge 264 wa majimbo. Tamko la SADC la mwaka 1997 lilizitaka nchi wanachama zifikishe asilimia 30 ya wanawake katika uamuzi ifikapo 2005, na Tanzania ilifika kwa kuongeza viti vya orodha. Kwenye vikao vya kimataifa tunasifiwa. Na kweli bila viti hivyo Bunge letu lingekuwa kama baraza la wazee wa kiume, kwa hiyo simo katika kundi la wanaotaka vifutwe kesho asubuhi. Lakini nchi iliyomtoa katibu mkuu wa Beijing ilichagua kulijibu swali la Beijing kwa hesabu ya viti, na ikawaacha wanawake 12 wa mwaka 2000 wapambane peke yao.

Ubunge wa jimbo pia ndio uliompa cheo chake kikubwa cha mwisho. Wabunge wa Bunge la Afrika hutoka katika mabunge ya nchi zao, watano kila nchi, na itifaki inataka angalau mmoja awe mwanamke. Bunge hilo lilipozinduliwa Addis Ababa Machi 2004, Mongella alichaguliwa kuwa Rais wake wa kwanza, akahamia nalo Midrand, Afrika Kusini. Mtu aliyeona Bunge la Afrika Mashariki likifa mwaka 1977 alikabidhiwa jingine kubwa zaidi, lililozaliwa bila meno: kazi yake ilikuwa kushauri tu, haliwezi kutunga sheria, na fedha zake zinategemea wakuu wa nchi wale wale linaotakiwa kuwaangalia. Mpaka anaondoka mwaka 2009 na kumwachia Idriss Ndele Moussa wa Chad, meno hayakuwa yameota.

Hapa lazima niguse Zimbabwe, maana wanaomsifu huikwepa. Mwaka 2002 Mongella aliongoza waangalizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, katika uchaguzi wa rais uliomrudisha Robert Mugabe. Timu yake ilisema kwa ujumla uchaguzi ulikuwa wa wazi, huru na wa haki. Waangalizi wa Jumuiya ya Madola waliona tofauti, hata waangalizi wa jukwaa la wabunge wa SADC waliona tofauti, na Jumuiya ya Madola ikaisimamisha Zimbabwe uanachama mwezi huo huo. Kwa maoni yangu ripoti ile ilikuwa doa. Kizazi cha ukombozi kiliona ugumu wa kumkosoa Mugabe mbele ya Waingereza, na naelewa ugumu huo, ila mpiga kura wa Harare aliyepanga foleni usiku kucha bila kupiga kura hakuwa Mwingereza.

Cha kushangaza, na cha haki kukisema, ni kilichotokea miaka sita baadaye. Katika marudio ya uchaguzi wa Zimbabwe ya Juni 2008, waangalizi wa Bunge la Afrika, chini ya Marwick Khumalo wa Swaziland, walitangaza kwamba uchaguzi haukuwa huru wala wa haki. Ilikuwa taasisi ya Umoja wa Afrika ikisema hadharani jambo ambalo wakuu wa nchi walikuwa wakilimung'unya. Rais wa bunge hilo alikuwa Mongella. Kama alibadilika yeye, au alijenga taasisi iliyokuwa huru kuliko yeye, yote mawili yanamwongezea heshima.

Wakati akiyafanya hayo Midrand, jimbo lilikuwa linamsubiri. Ukerewe ina visiwa karibu arobaini, na shida ya kwanza ya mtu wa kisiwani ni usafiri. Mgonjwa akizidiwa Ukara lazima avuke maji mara mbili kabla ya kuiona hospitali ya Bugando, Mwanza. Mtu anayepiga kura huko hapimi hotuba. Anauliza kivuko kiliharibika lini na kilitengenezwa lini. Mwaka 2010 aliuliza, akaamua. Mwaka 2015 jimbo lilibaki kwa CHADEMA, chini ya Joseph Mkundi, kwa hiyo haikuwa hasira ya siku moja. Na kwamba swali la wapiga kura wale halikuwa la kipuuzi tuliliona sote tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikikaribia gati la Bwisya, Ukara. Watu 228 walikufa, kwa hesabu ya serikali.

Je, wapiga kura walimwonea? Wapo wanaosema mwanamume mwenye cheo cha bara zima asingelaumiwa kwa kuwa mbali na jimbo. Sikubaliani sana. Masha alikuwa waziri, Diallo aliwahi kuwa waziri, wote walianguka siku ile ile katika mkoa ule ule. Mongella alihukumiwa kama mbunge, kwa kipimo cha wabunge wenzake wanaume. Ni usawa wa aina fulani, ingawa haukuwa usawa wa kufurahisha kwa aliyeupata.

Lakini kuna swali jingine la kando ya ziwa ambalo urithi wake unapaswa kupimwa nalo, nalo ni mali.

Shuka kwenye mwalo wowote wa visiwani alfajiri, katika siku za giza, maana siku za mbalamwezi dagaa havuliwi. Mitumbwi inarudi na taa zake, na wanawake wamekwisha kujipanga na ndoo ufukweni. Mwanamke ananunua kwa ndoo, anabeba kichwani, anaanika. Mwenye uwezo ana chanja; asiye na uwezo anamwaga juu ya mchanga. Mvua ikishuka mchana mzigo wa chanja utaokolewa kwa turubai na mzigo wa mchanga utaishia kuuzwa kama chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa. Kisha magunia yanapakiwa kwenda mwaloni Kirumba, ambako wanunuzi wa Kongo wanasubiri. Sasa uliza mtumbwi ni wa nani, nyavu za nani, injini ya nani. Mara nyingi mno ni za mwanamume. Mwanamke anayeukausha na kuuza mzigo wote hana chombo, na akienda benki kukopa ataulizwa dhamana, na dhamana ni ardhi au nyumba, na ardhi ni ya ukoo wa mume.

Hukumu moja muhimu sana juu ya jambo hilo ilitolewa hapa hapa Mwanza. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, Jaji Mwalusanya, ilisikiliza kesi ya mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake. Ndugu wa ukoo alipinga, akisema mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akasema mila hiyo inapingana na Hati ya Haki za Binadamu iliyoingizwa kwenye Katiba, na kwamba mwanamke anaweza kuuza kwa masharti yale yale ya mwanamume. Miaka mitano baadaye Beijing ilibishana juu ya urithi wa binti. Mwaka 1999 zikaja Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zinazotambua haki ya mwanamke kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Lakini tamko la sheria za mila la mwaka 1963, linalomweka binti katika daraja la tatu la warithi, nyuma ya mtoto mkubwa wa kiume na nyuma ya kaka zake wengine wote, halikufutwa. Wajane wawili wa Shinyanga walilipigania hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliona Tanzania imekiuka haki zao.

Wanawake watatu wa ukanda huu wa ziwa wameshika Wizara ya Ardhi: Mongella miaka ya 1980, Tibaijuka kuanzia 2010 hadi alipoondolewa Desemba 2014 kwa sakata la fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, na Angeline Mabula, wakati huo mbunge wa jimbo la Ilemela, kati ya 2022 na 2023. Siwezi kuufikiria ukanda mwingine wa nchi wenye rekodi ya namna hiyo. Na bado binti wa Kikerewe au wa Kisukuma ambaye baba yake amefariki bila wosia anasubiri kikao cha ukoo kimwambie atapata nini. Mawaziri hawatungi sheria za urithi peke yao, hilo najua. Zinatungwa na Bunge, na Bunge lenye zaidi ya wanawake mia moja limeshindwa kwa miaka yote hiyo kulifikisha tamko la 1963 mezani. Mbunge anayetegemea orodha ya chama hawezi kukilazimisha chama chake. Anayetoka jimboni, mwenye wapiga kura wanawake waliomtuma, angalau ana cha kutishia nacho.

Ndiyo maana nauthamini uamuzi wa mwaka 2000 kuliko Septemba ya 1995. Wapo wanaoona suala la wanawake katika siasa zetu limekwisha tangu Machi 19, 2021, Samia Suluhu Hassan alipoapishwa kuwa Rais. Wanawataja pia Anne Makinda, aliyechaguliwa kuwa Spika mwezi ule ule wa Novemba 2010 ambao Mongella alikuwa akifungasha virago, na Tulia Ackson miaka ya baadaye. Makinda ni mfano unaonisaidia: alianza kwa nafasi za upendeleo ujanani, akahamia jimbo la Njombe Kusini, akakaa huko muda mrefu, na uspika ukamkuta akiwa na mguu wake mwenyewe wa kusimamia.

Ukitaka kuona viti maalumu vinaishia wapi, fungua Katiba ibara ya 51. Inamtaka Rais amteue Waziri Mkuu kutoka kwa wabunge wa kuchaguliwa majimboni wa chama chenye wabunge wengi zaidi. Mbunge wa viti maalumu, awe na kipaji cha kiasi gani, haruhusiwi hata kufikiriwa. Vyama vinapokaa kupanga wagombea, na vinapoamua mwanamke fulani hodari "atafutiwe nafasi" kwenye orodha ili jimbo abaki nalo mwanamume, huo ndio mlango vinaoufunga. Tangu uhuru Tanzania haijawahi kuwa na Waziri Mkuu mwanamke.